Kurasa Saba za Fundi Redio

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi, Sisimizi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile jino lililokuwa linakusumbua limeshang'olewa au limetubu lenyewe. Huku hatujambo. Baba anakwenda kazini, mimi nakwenda shule, na bati la nyuma limeanza kuvuja tena palepale. Babu ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya niandike.

Najua utasema si ningepiga simu tu. Shangazi, mimi na simu unatujua. Mara ya mwisho ulipopiga nikapokea mimi, ulisema haloo mara nne, ukakata ukidhani mtandao ni mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Nilikuwa nimeshika simu nimefumba macho.

Hii ni barua ya tano. Nne nilizichana. Moja niliiandika kwa lugha ya shuleni, nikidhani kwa lugha ile aibu itapungua. Ikapungua kweli, lakini nilipoisoma nikaona anayesema si mimi, ni mtu anayefanya mtihani.

Babu bado anaamka mapema na kwenda kwenye chumba chake cha kazi. Redio zake zilizokufa bado zimepangwa kwenye rafu, kila moja na kikaratasi chake kimefungwa kwa uzi. "Alikufa kwa unyevu." "Alikufa kwa radi." Ile kubwa ya mbao bado imeandikwa "Aliuawa na fundi mwingine." Unakumbuka alivyokuwa? Mteja akisema redio imekufa, itupe tu, yeye anaichukua na kuifungua hata kama hana spea, ili mradi ajue kilichoiua. Sasa anafungua na hakumbuki kufunga. Juzi alishika pasi ya kulehemu upande wa moto, ndipo Baba akaikata plagi yake. Mimi ananiita kwa jina lako. Wiki iliyopita aliniita "dada" akaniuliza kama nina miadi au nimepita tu.

Sasa lile lenyewe. Nalisema haraka kabla sijachana na hii.

Mwaka jana mwezi wa sita mliongea kwenye simu. Nilisikia upande wake tu, anacheka mpaka anakohoa: "Miaka hamsini nimefungua redio za watu, na mimi sasa nifunguliwe, muone waya gani ulikatika!" Halafu ikaja bahasha yako. Fomu ya kurasa saba, kwa lugha ya shuleni, maandishi madogo kama mchwa. Babu akaniita. Akasema, "Msomi wa nyumba ni wewe. Nisomee, ila kwa lugha ya watu."

Ukurasa wa kwanza nilisoma vizuri. Wa pili ulianza na "baada ya kufariki kwako." Nikamtazama. Alikuwa amevaa ile miwani ambayo mguu mmoja ni waya wa shaba. Nitamwambiaje Babu, uso kwa uso, ukifa? Nikaruka. Ikaja sentensi ya kutoa ubongo wote. Nikasema, "Hapa wanasema watakupima kichwa." Ikaja ya kukata vipande na kuvihifadhi. Nikasema, "Hapa wanasema watapiga picha." Kurasa zilizobaki niligeuza tu: hapa ni mambo ya ofisi, hapa pia ya ofisi. Akasema, "Basi lete kalamu." Akatia sahihi yake ile yenye mkia, akanipa nikaitie posta.

Nilifika mpaka kwenye sanduku. Mkono ukaingia, bahasha ikakataa kutoka vidoleni. Niliona nikiiachia tu, Babu atafunguliwa kichwa kwa uongo wangu. Nikarudi nayo. Iko ndani ya kamusi yangu. Mwezi wa nane sasa.

Mwanzoni alikuwa anauliza, "Shangazi yako amejibu?" Nasema bado. Siku hizi haulizi. Na wewe umeacha kumpigia. Baba anasema mna ukali wenu ninyi wawili, mtapatana. Mimi ndiye najua kwamba hamjagombana. Ni mimi nimekaa katikati yenu kama kizibo.

Sijui niombe msamaha kwa nani kwanza.

Mwanao,
Sisimizi


21 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Jino halikutubu, liling'olewa, na sasa natafuna upande mmoja kama mbuzi. Namshukuru Mungu mko salama. Mwambie baba yako lile bati haliwezi kupona kwa kutazamwa.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya maabara, glavu mkononi. Ulinikasirisha? Ndiyo, tangu saa nne mpaka saa sita. Nikala, ikapita. Kilichobaki ni kwamba nilikaa kwenye ngazi nikalia, na sikulia kwa hasira.

Nikuambie nilichokuwa nafikiri miezi yote hiyo. Nilifikiri alicheka kwenye simu, halafu akasomewa ukurasa wa pili, akaona binti yake ni mtu wa namna gani. Mtu anayemtumia baba yake mzazi fomu ya kumkata kichwa. Kila nikishika simu nimpigie, naiona sura yake. Naiweka chini. Basi aibu yako hiyo usiitafutie mwenyewe mbali, umeirithi kwangu.

Sasa na mimi nikuungamie langu.

Hukuwahi kuniuliza hasa ninafanya nini huku. Seli za ubongo zinaitana kwa kemikali. Moja kubwa inaitwa glutamati. Seli moja inaitoa, nyingine inaipokea kwa protini ndogo zilizokaa kwenye ngozi yake, nasi tunaziita vipokezi. Watu wanaposahau, kama Babu, tunataka kujua vipokezi hivyo vimebaki vingapi, na wapi. Havionekani kwa macho, hata kwa hadubini. Kwa hiyo tunakata ubongo vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, tunavibandika kwenye vioo, tunamwagia kingamwili iliyotengenezwa ishike kipokezi kile na isiguse kingine. Halafu tunaipaka rangi. Penye rangi ya kahawia, pana kipokezi.

Mwaka juzi nilipata rangi nzuri ajabu. Kahawia safi, kila kioo. Bosi wangu akaonyesha wageni picha zangu. Kuna kipimo kimoja nilikuwa nimekiruka: kuiweka kingamwili ileile kwenye ubongo wa panya waliozaliwa bila kipokezi hicho kabisa. Pale panatakiwa pasitoke kitu. Nilikiruka kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu, mwanangu, nilikuwa nimeshaipenda ile rangi. Siku nilipokifanya, panya wasio na kitu waling'aa kahawia kama wenzao. Kingamwili yangu ilikuwa inashika kila kinachopita. Miezi mitano ya kazi, nimekuwa napaka rangi ukutani.

Nilikaa na siri hiyo siku kumi na moja. Halafu nikaingia ofisini kwa bosi, nikasema. Alivua miwani, akaniuliza, "Sasa unaanzia wapi?" Basi. Ndiyo maneno aliyosema.

Kwa hiyo nakuuliza na wewe. Unaanzia wapi?

Fomu ile ya kwenye kamusi haifai. Sahihi ni yake, lakini alichotilia sahihi ni maneno yako. Nimeweka mpya humu. Mimi siruhusiwi kumsomea wala kumshawishi, kwa kuwa ni mtoto wake na ni mfanyakazi wa hapa. Baba yako unamjua, ukimtajia hospitali anatoka nje kukagua bati. Umebaki wewe. Msomee yote, kwa lugha ya watu, pamoja na lile "ukifa." Nesi wa zahanati ya mtaani kwenu nimemwandikia, atakuja kukaa kama shahidi, aone kama Babu anaelewa anachoambiwa. Akisema hapana, ichane, usiniandikie hata sababu. Sitakasirika hata dakika moja.

Ila usikawie sana. Unaona mwenyewe anavyokwenda.

Shangazi yako anayekupenda


8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na kutafuna upande mmoja. Sisi wazima, isipokuwa mimi siko sawa.

Nimejaribu, nikaharibu.

Nilitaka nifanye mazoezi kwanza peke yangu, kabla ya kumwita nesi. Nilitoka shule saa kumi, nikamkuta amekaa kitandani, amechoka, kiatu kimoja mguuni. Nilijua si wakati mzuri lakini nikajiambia nikiahirisha leo sitasema tena. Nikasimama mlangoni nikaitoa sentensi yote kwa pumzi moja, kama mtu anayemeza kidonge: Babu-ukifa-watautoa-ubongo-wako-wakaukate-wauchunguze.

Akasema, "Nani amekufa?"

Nikasema hakuna, Babu. Akasema, "Usinifiche. Ni mama watoto?" Shangazi, akaanza kulia. Alimlilia Bibi kama amepewa habari dakika ileile. Bibi alifariki nikiwa darasa la kwanza. Nilimshika mkono, akaniuliza kama watoto wameshaambiwa. Nikasema wameshaambiwa. Nilidanganya tena, au sikudanganya, hata sijui.

Kesho yake alikuwa amesahau. Mimi sijasahau. Nafikiri umechagua mtu mbaya. Nafikiri yule Babu aliyecheka kwenye simu hayupo tena humu ndani, na sasa tunamuuliza mtu mwingine.

Usinijibu kama umeudhika.

Sisimizi


15 Machi

Sisimizi,

Marahaba. Sijaudhika. Nimejibu siku ileile barua ilipofika, uone.

Pole, mwanangu. Pole na Babu, pole na wewe uliyebaki umemshika mkono. Ulimjibu vizuri. Watoto wameshaambiwa kweli, tena mmoja wao ni mimi.

Nikueleze kitu cha huku kazini, halafu nikuache. Vipande vya ubongo tunavihifadhi kwenye dawa inaitwa formalini ili visioze. Vikikaa humo sana, unamwagia kingamwili, hupati kitu. Kioo cheupe. Mgeni atakuambia kipokezi hakipo. Mara nyingi kipo. Dawa imekifungia tu, imefunga protini hii na hii kama nyuzi zilizosokotana, kingamwili haipati pa kushika. Basi tunafanyaje? Tunaviweka kwenye maji ya moto yenye asidi kidogo, kama ya limau. Yawe moto sana lakini yasitokote, yakitokota kipande kinabanduka kwenye kioo. Dakika ishirini. Halafu unatoa chombo, unakiacha kipoe chenyewe. Hapo ndipo wageni wote wanapokosea. Wana haraka, wanakimwagia maji baridi. Mimi huwa nakaa karibu nacho, naandika andika, mpaka kipoe. Ndipo unaweka kingamwili, na kilichosemwa hakipo kinatokea.

Si kila kioo. Vingine ni vyeupe kweli, na hapo unaandika cheupe. Lakini huandiki kabla hujapasha moto.

Wewe ulimkuta baridi, kiatu mguu mmoja, ukamuuliza jambo la moto. Unajua mwenyewe anapashika moto wapi. Mimi nimekaa mbali, wewe ndiye unaishi naye.

Shangazi yako


29 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo! Unaendeleaje, na kazi, na meno yaliyobaki? Huku hatujambo, na safari hii nasema hatujambo kwa maana yake.

Jumamosi sikwenda popote. Nilimwomba Baba arudishe plagi ya pasi ya kulehemu, kwa nusu siku tu, nitakaa naye mimi. Baba aligoma. Nikasema, "Baba, naomba," halafu sikuondoka, nikabaki nimesimama. Sijawahi kufanya hivyo. Akanitazama kama mtu aliyesikia kabati linaongea, akaenda kuileta.

Nilichukua ile redio ndogo ya jikoni, nikachomoa waya wa spika mwenyewe kwa koleo, nikampelekea asubuhi baada ya chai. Nikasema, "Fundi, redio yangu haisemi." Sikumwita Babu. Akaipokea, akaitikisa sikioni, akasema, "Nani ameishika hii kabla yangu?" Nikasema sijui. Akaifungua. Chumba kikajaa harufu ya lehemu. Mikono yake haitetemeki akishika pasi, ulikuwa unajua? Inatetemeka kwenye kikombe, kwenye pasi inatulia. Nilikaa kimya kama saa nzima, nikimshikia tochi. Nesi, niliyekuwa nimemwita, alikuja akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, naye akanyamaza, Mungu ambariki. Spika ikakoroma, ikasema. Babu akaweka pasi chini, akageuka.

"Haya, Sisimizi. Umeukata mwenyewe huu waya. Unataka nini?"

Aliniita Sisimizi. Nilitaka kulia lakini nikakumbuka kipande kitabanduka.

Nikatoa fomu. Nikasema, "Babu, mwaka jana nilikusomea karatasi ya Shangazi, nikakudanganya."

Akasema, "Najua."

"Unajua?"

"Karatasi saba! Ukanisomea kwa muda wa taarifa ya hali ya hewa. Hata mimi nisiyejua lugha yenyewe niliona hapo mtu anaruka."

Nesi alicheka mpaka ndoo ikalia. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ulikuwa umeiva usoni kama nyanya. Nikasema mwache, atarudi mwenyewe. Halafu nadhani nikasahau kukusubiri."

Basi nikasoma. Nilisema ukifa, Babu. Nilisema watautoa ubongo wote. Nilisema vipande. Mara mbili nilirudia mstari, akasubiri. Nilipofika kwenye vipokezi nikamweleza ulivyonieleza, kwamba seli moja inatoa ujumbe na nyingine ina vitu vidogo vya kupokea. Akanikatiza: "Eriali." Nikasema ndiyo, kama eriali. Akawaza, akasema, "Kwa hiyo stesheni inarusha, ila redio haishiki." Akajigusa hapa juu ya sikio. "Ndivyo nilivyo. Nasikia mtu yuko hewani, sishiki anachosema."

Nikageuza ukurasa.

Akauliza maswali matatu. La kwanza, kama mkimaliza mnarudisha kifuniko. Nikasema ndiyo, Babu, wanafunga vizuri, tutakuaga na hakuna atakayejua. La pili, eriali hizo zinadumu muda gani umeme ukishazimwa. Nikasema saa chache tu, zinaanza kuharibika, ndiyo maana hospitali lazima ipigiwe simu mara moja. Akasema, "Basi msizembee. Na simu apige nani? Baba yako atakuwa juu ya bati." Akaninyooshea bisibisi. "Utapiga wewe."

Nikasema Babu mimi na simu. Akasema, "Mimi nafunguliwa kichwa, wewe unashindwa haloo?"

La tatu halikuwa swali, ni ombi, na ni lako. Alisema hivi, nimeliandika palepale lisipotee: "Mwambie shangazi yako asinifungue yeye. Mkono utamtetemeka, ataharibu kazi."

Nesi akamwambia ajieleze mwenyewe anatilia sahihi nini. Akajieleza, kwa lugha ya redio, lakini yote. Akasaini. Mkia wa sahihi ulitoka mrefu mpaka nje ya mstari. Baba aliitwa, akasaini penye ndugu bila kusoma, macho ameyaweka dirishani, lakini baada ya kusaini hakutoka nje. Alikaa kwenye benchi akamuuliza Babu ile redio ilikuwa na tatizo gani.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Naitia posta mwenyewe. Safari hii mkono utaachia.

Mwanao,
Sisimizi

Saa nane mchana, Jumamosi ileile, aliniita dada tena. Sikujali sana. Niliandika "cheupe," kama unavyofanya wewe.


10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Fomu imefika, imegongwa muhuri, imewekwa kwenye kabati ambalo mimi sina ufunguo wake.

Mwambie kuhusu ombi lake asiwe na shaka. Hata kama mkono wangu ungekuwa wa chuma nisingeruhusiwa. Hospitali kubwa ya hapo kwenu ndiyo itakayopokea, wataweka kwenye barafu kavu, na kabla ya kutufikia jina linaondolewa, inabaki namba. Hakuna anayejua namba ni ya nani, ili macho yetu yasione yanachotaka.

Namba ya simu nimeiandika kwenye kadi hii. Ibandike mahali. Usiifiche ndani ya kamusi.

Jana nilimpigia. Alidhani mimi ni mteja. Tukaongea robo saa juu ya redio ambayo sina, akaniahidi itakuwa tayari Ijumaa. Sijawahi kupewa ahadi nzuri kama hiyo.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na safari haikukusumbua. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Baba yuko vizuri kiasi. Amepanda juu ya bati, lakini safari hii amelitengeneza kweli.

Siku zote nne ulizokuwa hapa kwenye mazishi tulilala kitanda kimoja, na sikukuambia jinsi ilivyokuwa. Ulinisubiri, niliona. Kuandika ndiyo naweza.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Babu alikuwa katika chumba chake cha kazi, kwenye kiti, koti lake la kazi limefungwa vifungo vyote. Nilimpelekea chai. Nilijua kabla sijaweka kikombe. Redio ndogo ilikuwa inaongea mambo ya bei za mbolea. Niliizima, halafu nikaona si vizuri, nikaiwasha tena, kwa sauti ya chini.

Nikamwita Baba. Alikuja, akapiga magoti, akamshika mguu. Nikasema, "Baba, simu." Akaitoa mfukoni, akaitazama. Alijaribu, Shangazi. Sitaki umfikirie vibaya. Alibonyeza namba tatu akaanza upya, akabonyeza tena, akanitazama mimi kama mtoto.

Nikaichukua.

Kadi ilikuwa imebandikwa juu ya rafu, karibu na "Aliuawa na fundi mwingine." Ikaita mara mbili. Mtu akapokea kwa lugha ya shuleni, haraka haraka. Nilifumba macho. Akasema haloo. Akasema haloo tena. Nikajua ya nne atakata.

Nikasema haloo.

Nikasema jina lake lote, ambalo sijawahi kulitamka. Nikasema amefariki, nikataja saa. Wakauliza maswali, nikajibu kwa lugha yao, halafu simu akapewa dereva asiyeijua vizuri, nikamwelekeza njia kwa lugha yetu: pita dukani, kata kushoto penye nguzo iliyoinama, utaona bati lenye viraka upande mmoja. Walifika kabla ya saa nne na nusu. Yule wa hospitali aliniambia tumewahi sana. Nilipokata simu nilikaa chini pale penye vipande vya lehemu.

Nina ombi. Nimeacha nafasi kwenye rafu. Mtakapojua, naomba uniandikie kikaratasi, kama vyake. Nitakifunga kwa uzi kwenye koti lake la kazi. "Alikufa kwa" halafu mnachokiona.

Mwanao,
Sisimizi


19 Julai

Sisimizi wangu,

Marahaba, mwanangu. Sijambo, na meno yangu yaliyobaki hayajambo. Msalimie Baba, na mwambie nimesikia habari za bati mpaka huku.

Nimekawia kwa sababu ya kikaratasi chako. Nilitaka sana kukuandikia. Siwezi. Mwezi uliopita liliingia kasha la barafu kavu, lina vichupa kumi na vinne kutoka hospitali nne, na kila kimoja kina namba tu. Mmoja wao anaweza kuwa yeye. Anaweza kuwa bado yuko kwenye friza ya kule. Kujua, itachukua miaka, na jibu litakuwa la wote kwa pamoja, halitakuwa la mtu mmoja. Kwa hiyo nafasi ya kwenye rafu iache wazi. Au andika wewe unachojua: kwamba alifunguka mwenyewe, asubuhi moja, alipopashwa moto.

Wiki hii nimekata vipande kutoka kila kichupa, nikavitia formalini, nikavipasha, nikakaa navyo vikipoa. Kile kipimo cha panya nilikifanya kwanza, kabla ya chochote. Kilitoka cheupe, kama inavyotakiwa. Halafu nikaweka vioo vyote kumi na vinne kwenye trei. Nimeona rangi kwenye vyote, Sisimizi. Vingine kidogo sana, kama vumbi la chaki. Lakini hakuna ambacho kilikuwa hakina kitu kabisa.

Mkono wangu haukutetemeka. Ukimwendea kaburini, mwambie hivyo.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu hawalielewi, maana huku ugenini hakuna anayejua lugha yetu. Kila asubuhi nikifika, kabla sijawasha taa ya hadubini, nafungua friza, naitoa ile trei, naishika kwa mikono miwili. Kwa kuwa sijui ni yupi, na wote wamenizidi umri, nawaamkia wote.

Shikamooni, nasema. Halafu nasubiri kidogo.

Shangazi yako